Simu ni yangu au nimepangishwa?

Wadau, kuna swali nimeulizwa mara nyingi mno miezi ya karibuni, nikaona bora nilijibu hapa mara moja kuliko kumjibu kila mtu kivyake. Swali lenyewe ni hili: "Vipi ndugu yangu, mbona umeacha iPhone? Umefulia?"

Jibu fupi: hapana, sijafulia (ingawa mishahara ya waandishi wa habari mnaijua wenyewe!). Nimehama kwa hiari yangu kwenda Android, na sababu ni moja. Nataka kuwa na kauli ya mwisho juu ya chombo nilichokinunua kwa jasho langu. Jibu refu ndilo makala haya, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza tuelewane. Huu si ushabiki wa Simba na Yanga. Sina kampuni ninayoishangilia, na huko mbele nitaisema Google kama ninavyoisema Apple. Najua pia kwamba hapa mjini simu imekuwa kama gari: watu wanatazama nembo kabla ya kukutazama wewe. Ukiweka iPhone mezani unaonekana umefika, ukiweka Tecno unaonekana bado uko njiani. Hayo tuwaachie wenye muda nayo. Swali langu ni jingine kabisa: ukishalipa pesa, ile simu ni ya nani?

TULIKOTOKA

Steve Jobs alipoionyesha iPhone ya kwanza Januari 2007, simu ile haikuwa na duka la programu. Ulitumia zile alizokuwekea Apple, basi. Duka lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu kama 500, na tangu siku hiyo kanuni ikawa moja: kila programu ipite mlango wa Apple, ikaguliwe na Apple, na ikikataliwa hakuna mlango mwingine.

Upande wa pili, Google ilikuwa imeinunua kampuni ndogo iliyoitwa Android mwaka 2005. Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa, HTC Dream, iliingia sokoni Oktoba 2008. Hapa kanuni ilikuwa tofauti. Msimbo wa msingi uliachwa wazi, mtu yeyote auchukue, ausome, aubadilishe. Duka la Google lilikuwepo, lakini halikuwa mlango pekee. Ukiwa na faili la APK, unaliweka mwenyewe. Ndiyo maana vijana wetu wamekuwa wakirushiana programu kwa Bluetooth na Xender bila kutumia hata bando la shilingi mia.

Kwa lugha ya kwetu: iPhone ni nyumba ya kupanga iliyo nzuri kweli. Maji hayakatiki, mlinzi yupo getini, rangi imepakwa vizuri. Lakini ukitaka kupigilia msumari ukutani uombe ruhusa, na mgeni wako haingii mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo. Android ni kiwanja chenye msingi. Nyumba inaweza kutoka nzuri au ikatoka banda, lakini ramani unaweza kuibadilisha.

UHURU WENYEWE NI UPI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukisema "uhuru wa kuibadilisha simu yako" watu wanafikiria mandhari ya skrini na ikoni za rangirangi. Hayo yamo, na yana raha yake. Lakini kwa hayo peke yake nisingekushauri uhame, maana Apple nao wameyaleta taratibu: mwaka 2020 wakaruhusu vijisanduku vya taarifa kwenye skrini ya kwanza na kuchagua kivinjari chako, na mwaka 2024 wakaruhusu hata kuipanga ikoni popote unapotaka. Mtu wa Android anacheka, kwa sababu hayo aliyazoea zaidi ya miaka kumi nyuma. Sawa, cheka, lakini siyo hoja kubwa.

Hoja kubwa iko ndani zaidi. Kwa miaka mingi kila kivinjari kwenye iPhone, hata kikiitwa Chrome au Firefox, kililazimika kutumia injini ileile ya Safari. Yaani unabadilisha kibao cha duka tu, muuzaji ni yuleyule. Mpaka sheria ya Ulaya ilipoingilia kati mwaka 2024 ndipo sharti hilo likaanza kulegea, tena huko huko Ulaya.

Halafu kuna suala la betri. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yanapunguza kasi ya iPhone za zamani zenye betri zilizochoka. Maelezo yao yalikuwa ni kuzuia simu zisizimike ghafla, na kiufundi maelezo hayo yana mantiki. Tatizo ni kwamba mwenye simu hakuelezwa waziwazi. Wangapi walinunua simu mpya wakati walichohitaji ni betri mpya? Baadaye Apple iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na ikaongeza sehemu ya kuonyesha afya ya betri. Vizuri. Lakini ona mpangilio wa mambo: uamuzi ulifanywa kwanza, mwenye mali akaja kujua mwishoni.

Mfano mwingine ni ule wa mchezo wa Fortnite. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iligombana na Apple pamoja na Google kuhusu makato ya asilimia 30, na siku hiyohiyo mchezo ukaondolewa kwenye maduka yote mawili. Adhabu ileile, siku ileile. Lakini matokeo hayakufanana! Mwenye Android aliendelea kuupata mchezo kwenye tovuti ya Epic wenyewe. Mwenye iPhone mlango ulifungwa, hakuna dirisha wala tundu. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumzia.

SI MICHEZO TU

Utasema, aah, huo ni mchezo wa watoto. Haya, tuje kwenye mambo ya watu wazima, na hasa kazi yetu sisi waandishi.

Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN kwenye duka lake la China, ikisema inatii sheria ya nchi. Mapema mwaka huohuo ilifahamika kwamba programu ya gazeti la The New York Times nayo ilikuwa imeondolewa huko. Oktoba 2019 ikaondolewa HKmap.live, ramani iliyotumiwa na waandamanaji wa Hong Kong kujua polisi wako wapi. Septemba 2021, siku ya uchaguzi wa Urusi, programu ya kambi ya Alexei Navalny iliyowaelekeza wapiga kura iliondolewa na Apple na Google kwa pamoja. Na msidhani ni nchi za mashariki tu: Oktoba 2025 Apple iliondoa ICEBlock, programu ya kutoa taarifa za walipo maofisa wa uhamiaji wa Marekani, baada ya serikali ya huko kutaka iondolewe.

Unaweza kuwa upande wowote katika habari hizo. Mimi nataka uone jambo moja tu. Kila mara serikali haikuhitaji kuwafuata wananchi milioni moja mmoja mmoja. Ilihitaji kugonga mlango mmoja. Mlango ukiwa mmoja, anayeushika funguo ndiye anayebanwa, na akibanwa, wote tumebanwa.

Na sisi huku tusijifanye hayatuhusu. Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa hapa Tanzania. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Wenzetu wa Uganda walishayaona wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, wakayaona tena Januari 2026.

Sasa fikiria siku kama hizo. Intaneti haipo, kwa hiyo duka la programu halipo. Mwandishi anataka kuwasiliana na mwenzake aliye jengo la jirani. Ipo programu inayoitwa Briar, inatuma ujumbe uliofichwa kwa Bluetooth au Wi-Fi kati ya simu zilizo karibu bila kuhitaji intaneti. Kama mmoja wenu anayo kwenye Android, anaweza kuipitisha kwa mwingine palepale, simu kwa simu, kwa sababu Android inakubali kuwekewa programu kutoka mkononi mwa mtu. Kwenye iPhone jambo hilo halipo. Siku ambayo unaihitaji zaidi simu yako ndiyo siku utakayojua kama ni yako ama umeazimwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

TUWE WAKWELI

Hata hivyo, makala ya upande mmoja ni tangazo la biashara. Upande wa pili una hoja nzito na lazima zisikilizwe.

Ya kwanza ni usalama. Geti la Apple linaudhi, lakini wezi wengi wanaishia getini. Huku kwetu ambako simu ndiyo benki, ndiyo M-Pesa, ndiyo kila kitu, APK moja ya ovyo iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp inaweza kukukomba mpaka akiba ya mchezo wa kinamama. Google wenyewe walisema mwaka 2025 kwamba uchunguzi wao ulikuta programu hasidi zaidi ya mara 50 kwenye vyanzo vya mtandaoni nje ya duka lao kuliko ndani ya duka. Ni takwimu ya mwenye duka, kwa hiyo ipokee ukijua imetoka wapi, lakini kwamba hatari ipo, hilo halina ubishi.

Ya pili ni masasisho. iPhone ya miaka mitano inapokea marekebisho ya usalama siku ileile na iliyotoka jana. Android nyingi za bei ya chini zinazouzwa Kariakoo hupata masasisho machache, halafu kimya. Kufuli lisilobadilishwa wakati ufunguo umeshaibwa ni pambo tu.

Ya tatu, na hii inauma zaidi: Google inaishi kwa matangazo. Simu ya Android ukiitoa kwenye boksi inaongea na Google tangu unapoiwasha. Apple angalau mwaka 2021 ililazimisha kila programu iombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu nyingine. Kwa hiyo anayehama akidhani kwamba ameukimbia utumwa na kuingia peponi, pole yake. Amebadilisha mwenye nyumba tu.

Kwa nini basi bado nimehama? Kwa sababu huyu mwenye nyumba wa pili ameacha uwezekano wa kubomoa ukuta. Kwenye Android naweza kutumia F-Droid, duka lililoanzishwa mwaka 2010 ambalo lina programu huria tu, msimbo wake uko wazi kila mtu auone. Naweza kuzima programu nyingi nisizozitaka. Na kwenye simu zinazokubali, naweza kuufuta mfumo mzima na kuweka mwingine: LineageOS, iliyozaliwa mwishoni mwa 2016 kutoka kwenye mabaki ya CyanogenMod, huzipa uhai simu nyingi zilizotelekezwa na watengenezaji wake. GrapheneOS, kwa wenye simu za Pixel, inaondoa mamlaka maalum ya Google ndani ya simu na kukaza usalama. Hapo ndipo hoja ya "usalama au uhuru" inapopasuka. Unaweza kupata vyote viwili, ila lazima ujifunze. Uhuru una kazi yake, hauletwi kwenye sinia.

HABARI MBAYA

Sasa ndugu msomaji, kaa vizuri, maana hapa ndipo kiini cha leo kilipo.

Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba programu zitakazowekwa kwenye simu za Android zilizoidhinishwa nayo zitapaswa kutoka kwa watengenezaji waliothibitishwa, hata kama programu haipiti kwenye duka la Google. Mtengenezaji atoe jina lake halisi, anwani, barua pepe, namba ya simu, na aweze kuombwa kitambulisho. Ratiba iliyotangazwa: kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027.

F-Droid walijibu mwezi uliofuata wakisema mpango huo, ukitekelezwa kama ulivyo, utaua mradi wao. Kelele zikawa nyingi. Novemba 2025 Google ikalegeza kidogo: ikaahidi njia ya pembeni kwa watumiaji wazoefu wanaoikubali hatari, na aina ya akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaofanya kwa kujifurahisha.

Ahadi ni nzuri. Lakini tujiulize: kwa nini haki iliyokuwepo tangu 2008 sasa inaitwa njia ya pembeni? Leo ni maonyo mawili matatu ya kubonyeza, kesho je? Na kijana wa Mwenge au wa Eldoret anayetengeneza programu ya wananchi kuripoti rushwa, ambaye ana sababu za msingi za kutotaja jina lake, ni kwa nini apeleke kitambulisho chake California ndipo jirani yake aruhusiwe kuitumia? Orodha ya majina ikishakuwepo, siku moja kuna mtu ataiomba. Tumeshaona hapo juu kinachotokea mlango mmoja ukigongwa.

Ajabu ya mwaka huu ni kwamba wakati huyu anabana, yule wa kwanza analazimishwa kufungua. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya ilipoanza kuwabana wakubwa Machi 2024, Apple ikaruhusu maduka mengine ya programu kwenye iPhone za Ulaya. Agosti 2024 Fortnite ikarudi kwenye iPhone huko kupitia duka la Epic wenyewe. Japani nayo sheria yake ya simu ilianza kazi kikamilifu Desemba 2025, na Apple ikafungua mlango huko pia. iPhone ileile, kiwanda kilekile, lakini ya mtu wa Paris ina milango ambayo ya mtu wa Dar es Salaam haina!

Somo hapo liko wazi. Uhuru wa mtumiaji hautokani na wema wa kampuni. Unatokana na sheria na watu wanaoidai. Kampuni iliyo wazi leo inaweza kufunga kesho, na iliyofungwa inaweza kufunguliwa ikiguswa panapouma. Kuhama simu ni kura yako ya siku moja. Kudai haki ndiyo kazi ya kila siku.

TUFANYE NINI?

Kama unafikiria kuhama, mambo haya machache:

Moja, usinunue kwa nembo, uliza miaka ya masasisho. Google iliahidi miaka saba kuanzia Pixel 8 (2023), na Samsung miaka saba kuanzia Galaxy S24 (2024). Kwa simu za bei ya chini muulize muuzaji, na akikwepa jibu, umeshajibiwa.

Mbili, uliza kama kufuli la kuwashia linaweza kufunguliwa ili kubadilisha mfumo. Mafundi wa mtaa wa Aggrey wanalijua hili vizuri. Watengenezaji kadhaa wamekuwa wakilifunga, kwa hiyo usidhani kila Android ina uhuru huo. Jua pia kwamba baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi kwenye simu iliyobadilishwa mfumo. Pima kabla hujafuta.

Tatu, kabla ya kuondoka iPhone, toa namba yako kwenye iMessage, la sivyo ujumbe wa wenye iPhone unaweza kupotelea njiani. Hamisha WhatsApp kwa waya kabla hujaiuza simu ya zamani.

Nne, APK ya kwenye kundi la WhatsApp ni sawa na chakula ulichookota njiani. Chukua F-Droid au kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Uhuru wa kuweka chochote si amri ya kuweka kila kitu.

Tano, na hii ndiyo kubwa, tuamke kama wananchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, na Tume ya Ushindani ipo. Sijasikia bado mbunge akiuliza kwa nini mnunuzi wa Afrika Mashariki apate simu yenye haki pungufu kuliko ya mnunuzi wa Ulaya. Nchi zetu zikiuliza moja moja zitapuuzwa, lakini Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki ni soko ambalo hakuna kampuni inayotaka kulipoteza. Kanuni za mfano zimeshaandikwa Brussels na Tokyo, hatuanzi na karatasi tupu.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hana habari na haya, yeye anataka WhatsApp ifunguke na kamera ipige picha. Kweli kabisa. Mwananchi wa kawaida pia hasomi katiba kila asubuhi, lakini siku akikamatwa bila kosa anataka ile ibara iwepo. Haki ya kuweka unachotaka kwenye simu yako ni ya namna hiyo. Siku tisini na tisa huihitaji. Siku ya mia, ukinyoosha mkono na kukuta haipo, hakuna duka litakalokuuzia.

Naomba kutoa hoja. Mwenye kupinga apinge, uwanja uko wazi.